Tanga la Mwoga

Tarehe 6 Oktoba

Kwako Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima na mgongo umepunguza kukusumbua. Nimerudi nyumbani kwa likizo fupi, na sisi huku tuko salama. Mama anakusalimu sana. Anafua mashuka ya wageni mpaka vidole vimejikunja. Mdogo wangu ameng'oka jino la mbele na sasa kila akisema neno anapiga mluzi bila kukusudia, basi anaongea kutwa kucha ili asikie. Baba naye mzima. Yeye ndiye sababu ya barua hii, ila niache kwanza nijikaze.

Unanijua nilivyo. Mwalimu akiuliza swali ninalolijua, moyo unadunda mpaka mwenzangu anajibu, na mimi nabaki na jibu langu mdomoni. Kwenye simu ndiyo kabisa. Ningesema "tuko salama" halafu ningekata. Ndiyo maana nakuandikia.

Shangazi, Baba hapunguzi tanga.

Tangu ulipoondoka kwenda huko kushona matanga, katamarani yetu inatoka gatini tanga kuu lote likiwa juu, na inarudi hivyo hivyo, upepo uwe wa kupepea leso au wa kung'oa mabati. Unakumbuka alivyozoea ile mashua ya zamani ya tumbo moja. Upepo ukizidi ililala ubavu, vikombe vikabingirika, na Baba akasema, "Haya, bibi kizee amechoka, tumpunguzie." Sasa hii ina matumbo mawili, imekaa majini kama meza. Hailali. Na kwa kuwa hailali, Baba anasema haijachoka.

Siku hizi ana mchezo. Anajaza glasi maji mpaka ukingoni, anaiweka mezani mbele ya wageni, anatangaza: "Siku glasi hii itakapoanguka, ndiyo siku nitakayopunguza tanga." Mimi ndiye ninayetafsiri, maana lugha ya wageni ninayo ya shuleni, na yeye anajua salamu na kuhesabu mpaka kumi. Wageni wanapiga makofi. Glasi haianguki.

Kando ya usukani kuna kile kibandiko cha waliotengeneza chombo, kinachosema upepo ukifika kiasi gani upunguze tanga mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Nilimsomea. Akasema, "Kimya, hicho ni cha watu wa kukodi vyombo, wasiojua bahari." Siku ya pili nikakuta ametundika kofia yake juu ya kibandiko.

Naomba umwandikie. Wewe ni dada yake, na wewe ndiye uliyekuwa ukishika kamba. Mimi hanisikii, na kusema kweli sijasema kwa sauti ya kusikika. Likizo ndefu inaanza mwezi ujao na nitakuwa chomboni kila siku. Natamani barua yako initangulie.

Mimi mwanao,
Kimya


Tarehe 2 Novemba

Mwanangu Kimya,

Marahaba. Barua yako ilikwenda kwanza kwenye karakana yetu ya zamani, ikakaa huko juu ya friji ya mlinzi. Sasa tumehamia kwenye jengo lenye sakafu ya mbao ndefu kama uwanja. Tunatembea na soksi ili tusichafue vitambaa. Cherehani zimezamishwa kwenye mashimo sakafuni, tanga liteleze bila kukunjamana, na sisi mafundi tunakaa humo mashimoni. Mteja akiingia anaona vichwa tu. Bosi anasema aliajiri watu wazima, akaletewa vichwa.

Mpe pole Mama kwa mashuka. Huyo wa mluzi mwambie namtafutia filimbi.

Kuhusu tanga, uko sawa. Mashua ya tumbo moja ina uzito wa madini ya risasi chini. Upepo ukizidi inainama, upepo unapita juu ya tanga, halafu inainuka. Inakulalamikia. Katamarani inasimama kwa sababu ya upana wake. Inabeba upepo wote bila kusema neno, mpaka tumbo moja linatoka majini, na hapo umechelewa. Ikishapinduka hairudi. Ikiwa kichwa chini inatulia vilevile kama ikiwa imesimama. Kwa hiyo hupunguzi kwa kusikiliza chombo, unapunguza kwa kutazama kipimo cha upepo. Na usitazame upepo wa kawaida, tazama ule unaokuja kwa kishindo katikati yake. Ukivuka kilomita thelathini na tano kwa saa, punguzo la kwanza. Arobaini na tano, la pili. Ukijiuliza kama ni mapema, basi wakati wake ndio huo.

Jihadhari zaidi na upepo wa nyuma. Mnakimbia nao, kwa hiyo shavuni unauona mdogo. Ukigeuka ndipo unakutana nao mzima.

Kumwandikia baba yako, hapana. Na usiniulize.

Shangazi yako


Tarehe 28 Novemba

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Tuko salama, Mama salama, filimbi inasubiriwa kila anapopita mtu mwenye mfuko.

Shangazi, nisamehe, nina hasira. Umenijibu yote nisiyouliza, na lile moja nililouliza umelifungia mlango. Mimi wa kumwambia Baba hivyo vipimo vyako? Mimi niliyeshindwa kumwambia muuza duka kwamba chenji haijatimia?

Lakini nimefanya jambo, na sijui kama ni zuri au baya.

Wiki iliyopita tulikuwa na wageni sita, watu wazima, mmoja babu mwenye miwani aliyependa kushika kila kamba. Tulikuwa tunarudi, upepo uko mgongoni, jua zuri, kila mtu anakunywa chai. Nilichungulia kipimo. Kilikuwa kinaruka arobaini na kushuka, kinaruka na kushuka, na hapo tayari tunaukimbia. Niliyakumbuka maneno yako ya shavuni. Nikasema, "Baba." Nadhani hata inzi hakusikia.

Mara tukateremka wimbi, na pua zote mbili zikachimba wimbi lililokuwa mbele. Chombo kikasita kama mtu aliyejikwaa. Maji yakapanda juu ya ule wavu uliotandazwa mbele kati ya matumbo mawili. Glasi ikateleza kidogo, ikasimama. Baba akainua mikono: "Mmeona? Imesimama!"

Yule babu hakupiga makofi. Akaniambia, "Muulize baba yako kama hili ni la kawaida."

Nikamuuliza. Baba akajibu, "Mwambie chombo hiki hakijapinduka tangu kizaliwe."

Shangazi, mimi ni mtafsiri mwaminifu, naapa. Hata matusi ya wabeba mizigo nayatafsiri, ila kwa upole. Siku hiyo nikamgeukia yule babu nikamwambia kwa lugha yake: "Baba anasema tunapunguza tanga sasa hivi."

Wakasimama wote! Wakatoa vikombe mezani, wakasogea kutupisha, babu akavua miwani akaitia mfukoni, tayari kwa kazi. Baba akawa anawatazama kama mtu aliyeona kuku wake wamejipanga mstari.

"Umewaambia nini?"

"Nimewaambia tunapunguza."

Hakuweza kurudi nyuma mbele ya watu. Akageuza chombo kuelekea upepo, na hapo ndipo tulipoujua. Ule uliokuwa ukitupapasa shingoni ulitupiga usoni mpaka kofia ya Baba ikang'oka kwenye kibandiko ikaenda zake baharini. Tukashusha tanga mpaka punguzo la pili. Fundo nilikaza mimi.

Tulipotulia, Baba akacheka kile kicheko chake kinachowafanya watu wote wampende. Akasema, "Waambie binti yangu ni mwoga. Waambie hili linaitwa tanga la mwoga." Na akasubiri nitafsiri.

Nikatafsiri, neno kwa neno. Wakacheka. Mama mmoja akanipigapiga bega.

Tukafika gatini salama, na hilo ndilo linaloniudhi. Halikutokea lolote! Ukipunguza mapema hakuna kinachotokea, halafu watu wanakuuliza ulipunguza kwa nini.

Mwandikie, tafadhali.

Kimya


Tarehe 9 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Umefanya vema. Kwenye bahasha nimetia uzi mwekundu wa kushonea matanga. Shona alama kwenye henza, ile kamba ya kupandishia tanga, pale inapofikia kila punguzo. Atakayeshusha asibahatishe.

Filimbi imo pia.

Ile sentensi ya mwoga uliyotafsiri niliisoma, nikatoka shimoni, nikaenda kunywa maji.

Shangazi


Tarehe 19 Desemba

Shangazi,

Shikamoo. Alama nimezishona. Filimbi Mama ameshaificha.

Basi ngoja nikupe habari njema, uone inavyouma. Baba sasa anapunguza tanga. Kila safari! Kipimo kikigusa thelathini na tano, kabla sijafungua mdomo, ananitazama na kutangaza, "Kimya ameshaogopa huyo! Haya, tanga la mwoga!" Anashusha vizuri kabisa, hadi kwenye uzi wako, mikono yake haina makosa. Kisha anasubiri niwatafsirie wageni kwamba mimi ni mwoga.

Natafsiri. Kila siku natafsiri. Wageni wananiletea jaketi la kujiokolea. Wananishika kichwa. Mmoja alinipa tangawizi ya kutafuna, akaniambia atamwomba Mungu anipe ujasiri. Gatini manahodha wenzake wananiita, "Mwoga, leo umempa mzee ruhusa ya kutoka?" Baba anacheka nao, na mimi najifanya natafuta kitu kwenye mfuko. Hakuna kitu kwenye huo mfuko.

Najua nifurahi. Tanga linapungua, watu wanarudi. Mbona basi nalala na hasira na kuamka nayo? Natamani mara moja tu aseme, "Upepo umezidi, napunguza." Upepo hauoni aibu, angeusingizia huo.

Juzi nilikuwa namsaidia Mama kukunja mashuka. Akasema, kama anayejisemea, "Unamkumbusha shangazi yako."

Nikauliza, "Kwani Shangazi alikuwa mwoga?"

Mama akakung'uta shuka likapiga kama tanga. "Shika ncha hiyo," akasema.

Kwa hiyo nakuuliza, na safari hii usinijibu habari za risasi na matumbo. Kabla yangu mwoga alikuwa wewe? Uliondoka kwa ajili ya mgongo kweli, kama tulivyoambiwa? Habari za mgongo nakuuliza moyoni kila barua, na katika ile ya kwanza niliandika kabisa, na wewe hujawahi kuutaja.

Tarehe nane Januari shule inafunguliwa, narudi bweni. Nikishuka chomboni, mwoga atakuwa nani?

Kimya


Tarehe 30 Desemba

Mwanangu,

Marahaba. Nimeanza barua hii mara kadhaa na kuichana, mpaka fundi wa shimo la pili ameniuliza kama nashona au napika mandazi ya karatasi.

Mgongo wangu mzima. Haujawahi kuniuma.

Tulipoanza na katamarani, baba yako hakuielewa, na hakutaka ijulikane kwamba hakuielewa. Alikuwa ameendesha vyombo tangu ndevu hazijaota, watu wakimpigia magoti. Atasemaje mbele ya wageni kwamba anakwenda kwa kutazama kisaa cha upepo, kama mwanafunzi? Siku ya kwanza nilipomwambia, "Kaka, punguza," aliwageukia watu akasema, "Dada yangu anaogopa maji." Wakacheka, akapunguza. Nikaona, ah, si neno, bora tumepunguza. Kesho yake vilevile. Ikawa ndiyo njia yetu ya kufanya kazi. Mimi naogopa, yeye anapunguza.

Nilivumilia mpaka siku mteja mmoja alipokuja gatini kutafuta fundi wa kumkagulia matanga, na mwenzake akamwambia, "Usimchukue huyo, yule ni mwoga wa nahodha." Kazi yangu yote, vidole vyangu vyote hivi, nikawa mwoga wa nahodha. Nikasema mgongo unauma. Hakuna anayebishana na mgongo.

Sikujua kwamba siku niliyoshuka mimi chomboni, kupunguza tanga nako kulishuka nami. Au nilijua. Ndiyo sababu sikutaka kumwandikia. Barua yangu ingekuwa inamwomba anirudishie cheo changu cha uoga, na nilikuwa nimekichoka. Kumbe nilikiacha mlangoni, nawe ukajikwaa nacho.

Sina la kukushauri. Nina hasira kama wewe, ila yangu imekaa siku nyingi.

Shangazi


Tarehe 14 Januari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Nakuandikia kutoka bweni, kitanda cha juu, dirisha lina kioo kimoja kilegevu kinachogonga upepo ukivuma. Nahesabu kwa hicho kioo. Kikigonga mara moja moja ni thelathini. Kikigonga mfululizo nashindwa kusoma.

Barua yako ilifika siku moja kabla ya safari yangu ya mwisho. Niliisoma chooni. Kesho yake tukatoka na wageni wanane. Baada ya saa sita upepo ukapanda, Baba akanitazama, akavuta pumzi ya kutangaza: "Kimya ameshaogopa huyo!"

Nikasema, "Baba, kesho mimi siendi nawe. Utamsingizia nani?"

Sikunong'ona, Shangazi. Sijui sauti ilitoka wapi. Hata kijana wetu anayeosha vikombe alifunga bomba.

Baba akasema, "Unasemaje?"

"Shangazi alikuwa mwoga wako akaondoka. Mimi nimekuwa mwoga wako na kesho narudi shule. Upepo utabaki. Nani atakuwa anaogopa?"

Wageni walikuwa wakitutazama kama watu wanaotazama sinema ya kigeni isiyo na tafsiri. Mwanamke mmoja akaniuliza, "Baba yako anasemaje?" Ningeweza kusema anasimulia habari za samaki. Nikamwambia kwa lugha yake, polepole, "Hasemi kitu. Mimi ndiye niliyesema. Nimemuuliza kesho atamsingizia nani uoga wake."

Hakuna aliyecheka. Uso wa Baba, sitaki kuuandika. Alishusha tanga mwenyewe, peke yake, hakutaka nimshikie kamba. Asubuhi Mama ndiye aliyenisindikiza. Nilimuuliza Baba yuko wapi, akasema anakagua nanga. Tangu lini nanga inakaguliwa alfajiri?

Sasa niko huku. Nimesema, na kusema kwenyewe hakujanisaidia kitu. Mama akipiga simu anasema "baba yako yuko kazini," basi. Sijui kama anapunguza. Huenda kwa hasira anapandisha lote, ili anionyeshe. Labda ningenyamaza nikatafsiri kicheko mpaka mwisho, angalau ningejua wamerudi.

Kioo kinagonga.

Kimya


Tarehe 17 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako iliniumiza. Sasa nina habari.

Juzi simu ilinikuta shimoni, nimebana sindano kwenye meno. Namba ngeni. Nikapokea. Nikasikia upepo kwanza, halafu sauti, bila salamu, bila habari za siku nyingi:

"Upepo wa nyuma. Arobaini, unaruka hamsini. Nina watu sita. Ungefanyaje?"

Miaka hatujasemezana, halafu ndivyo anavyoanza.

Nikamwambia, "Kipimo unacho, kibandiko unacho, uzi mwekundu mwanao amekushonea. Unaniuliza nini?"

Akasema, "Nimekuuliza, wewe jibu."

Nilitaka kukata. Nilitaka kumwambia kila kitu nilichokuwa nimekishonea ndani ya mgongo wangu usiouma. Lakini nilisikia mtoto wa mgeni akicheka karibu na simu, mtoto mdogo. Nikasema, "Punguzo la pili. Na geuza sasa hivi, kabla hujakata simu."

Basi nikamsikia anawageukia watu. Amejifunza maneno machache ya lugha yao, sijui kwa nani. Mimi lugha hiyo siijui, lakini "dada" alilitamka kwa lugha yetu, na kicheko kilichofuata nakijua. Kisha nikasikia tanga linateremka. Hiyo sauti siwezi kuikosea, ni kazi ya mikono yangu. Akakata.

Jana akapiga tena, na leo asubuhi. Hivyo anapunguza, mwanangu. Lala. Kioo hicho kitie karatasi.

Usitegemee aje akuombe radhi. Mimi sitegemei, na bado nimemkasirikia mpaka uzi unakatika mkononi. Ila nimepima: wewe una masomo, na mimi niko mbali. Kicheko chao kwenye simu ni kidogo kama redio ya nyumba ya tatu. Acha kije huku. Nimemwambia apige kila kipimo kikivuka thelathini na tano, na kama hana salamu, asijisumbue kuzitafuta.

Bosi amekuja kusimama juu ya shimo langu akauliza ni mteja gani huyo anayepiga kila siku kazi inapokolea. Nikamwambia, "Si mteja. Ni kaka yangu, nahodha. Anaogopa maji."

Karakana nzima imecheka, vichwa vyote.

Shangazi yako